Ukuta Hadi Darini

Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza, alikuta kati ya chumba chetu na chumba cha jirani kuna ubao mwembamba tu, ule unaotumika kuziba dari. Aliugonga kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. Upande wetu tulikuwa tunajiandaa kufungua duka la dawa muhimu za binadamu. Upande wa pili mzee mmoja mfugaji kutoka Nyanungu alikwisha kufungua duka la dawa za mifugo: za kuogesha, za minyoo, za sindano. Mkaguzi alisema dawa za watu na dawa za wanyama haziwezi kukaa zikisikilizana namna ile. Jengeni ukuta wa tofali kutoka sakafuni hadi darini, alisema, usioacha upenyo, ndipo mniite.

Mwenye duka alikuwa mama mfanyabiashara wa Tarime mjini ambaye wote tulimwita Hajati. Alimsindikiza mkaguzi hadi kwenye gari lake kwa adabu zote, kisha akarudi akautazama ule ubao.

"Huo anaoutaka si ukuta, mwanangu," aliniambia. "Ni talaka tatu."

Lakini aliujenga. Aliagiza tofali za kuchoma, akaleta fundi, ukuta ukapigwa lipu pande zote mbili na rangi nyeupe. Mkaguzi aliporudi aligonga tena, na safari hii hakukuwa na sauti ya kusikiliza. Alitabasamu. Baada ya majuma machache kibali chetu kilitundikwa ukutani, juu ya ukuta uleule uliokizaa.

Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya famasia, na ninakiri kwamba siku ile nilijisikia kama mtu aliyekabidhiwa jambo takatifu. Mwalimu wetu wa sheria za dawa alizoea kusema kwamba nyuma ya kila kifungu kuna kaburi: mtu fulani alikufa ndipo kifungu kikaandikwa. Nilimwamini. Wengine darasani walivisoma vifungu vile kama orodha ya makatazo, mimi nilivisoma kama tenzi. Isitoshe, nilikuwa nimekulia Ikoma, karibu na geti la hifadhi, na baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori. Tangu utoto nilijua kwamba mstari usioonekana unaweza kuwa na nguvu kuliko boma la miiba. Upande huu wa jiwe jeupe la mpaka mtu alikuwa mkulima anayelima mahindi yake. Upande ule, kwa jembe lilelile na miguu ileile, alikuwa mhalifu. Nyati hawakulijua jiwe lile. Sisi tulilijua, na kwa sababu hiyo tuliishi.

Nalieleza hili mapema ili msomaji aelewe nilivyoupenda ukuta ule kabla sijaanza kuuogopa.

Kibali cha duka la dawa muhimu kina upana wake. Kinataja jengo, kinataja mwenye duka, kinataja mtoa dawa, na kinaambatana na orodha ya dawa zinazoruhusiwa. Vidonge vingi vimo, dawa za maji zimo, za kupaka zimo. Dawa za sindano hazimo. Anayehitaji sindano aende zahanati, akapimwe, aandikiwe, achomwe na mtu aliyesajiliwa kuchoma, mahali penye vifaa vya kumwokoa mambo yakiharibika. Ndivyo sheria inavyosema, na hadi leo sijaona neno lake moja lililo la kipuuzi.

Ila duka letu lilifunguliwa wakati wa rashi, zile mbio za dhahabu. Karibu na duka letu, upande wa Genkuru, nje ya uzio wa mgodi mkubwa, watu walikuwa wamegundua mwamba wenye dhahabu katika kilima kimoja, na habari zilipotoka, kilima kilijaa kama mnada. Mahema ya turubai yalisimama mchana mmoja. Maduara yalichimbwa yakishuka wima gizani, na wanaume waliteremshwa humo kwa kamba. Karasha zilisaga mawe tangu alfajiri hadi jua kuzama, na vumbi lake lilitua juu ya makabati yetu kila nilipogeuza mgongo. Wanawake walikaa kilimani na nyundo wakiponda mabaki ya mawe ambayo wanaume waliyadharau. Wote hao waliumwa, na wote walipita mbele ya mlango wangu.

Nao walitaka sindano. Katika nchi ile ya ng'ombe, tiba ni sindano. Kidonge ni kitu cha kumtuliza mtoto. Kila mmoja wao alikuwa ameona, tangu akiwa mdogo, ng'ombe aliyelala asubuhi bomani akisubiri kisu, akachomwa, na jioni akaenda mtoni kwa miguu yake. Ushahidi wa aina hiyo haupingwi kwa maneno ya dukani.

"Dokta, nipige sindano ya kichomi," mchimbaji mmoja aliniambia akiwa ameshika ubavu.

"Hapa hatuna sindano, kaka. Nenda zahanati. Kibali chetu hakiruhusu."

Akakitazama kibali ukutani, kisha akanitazama mimi. "Sasa anayeumwa ni mimi au ni hicho?"

Wenzake walicheka, wakaondoka naye. Sikuona walikoelekea. Wakati huo sikuwa na sababu ya kutazama.

Miongoni mwa wanawake waliokuwa wakiponda mawe kulikuwa na mmoja aliyekuwa rafiki yangu, kama urafiki ni kukaa kwenye ngazi ya duka wakati wa jua kali na kunywa maji ya mtungi wangu. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono migumu na mdomo usiokosa neno. Watoto wake wawili aliwaacha kwa mama yake, na alinuia kuwarudia na mabati ya nyumba. Siku moja nyundo ilimponda kidole, zahanati wakamwandikia vidonge vya rangi mbili, akaja kuvichukua kwangu. Hakuwa amefika mbali. Alirudi macho yamevimba hadi yamefumba, shingo na mikono imejaa vipele vikubwa kama aliyeumwa na siafu, akicheka kwa woga. Nilimpa dawa ya mzio na kumpeleka zahanati, na uvimbe ukashuka.

Baada ya hapo nilikaa naye nikamfundisha neno moja. Nilimweleza kwamba mwili wake una ugomvi na dawa inayoitwa penisilini, kwamba mara ya kwanza ilimvimbisha na mara nyingine inaweza kumziba pumzi, na kwamba popote atakapopewa dawa, na mtu yeyote, aulize kwanza kama ina penisilini. Alilirudia neno lile mpaka likamkaa. Alilifanya mchezo. Kila akiingia dukani aliinamisha kichwa mlangoni na kuuliza, "Hodi. Adui yangu yupo?"

"Yupo," nilimjibu. "Kabati la pili, amelala."

"Msimwamshe."

Nilikuwa na fahari naye. Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa aliyeelimishwa ni nusu ya tiba, na huyu alikuwa ameelimika kweli.

Dalili zilikuja polepole. Kwanza niliona foleni upande wa jirani asubuhi, nikadhani ni wafugaji waliofuata chanjo. Kisha nikaanza kuokota chupa chini ya mchirizi wa paa, chupa ndogo za kioo zenye kizibo cha mpira kilichotobolewa mara nyingi, na katika matope sindano nene zilizotumika, nyingine zimepinda. Kisha ikaja sauti. Ukuta haukuwa na upenyo, lakini ukimya wa dukani mchana ulikuwa mkubwa, na mlango wake na mlango wangu vyote vilikuwa wazi. Niliisikia chupa ikitikiswa. Dawa ile nyeupe kama maziwa hutuama chini ikikaa, na lazima itikiswe kabla ya kuvutwa. Chwa, chwa, chwa. Kimya kifupi. Halafu pumzi ya mtu ikivutwa kwa meno. Nilianza kuisubiri sauti hiyo bila kutaka, kama mtu anavyosubiri tone la pili kwenye paa linalovuja.

Siku moja nilitoka nje nikatazama. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamekunja mikono ya mashati.

Yule mzee wa Nyanungu nilikuwa nikimheshimu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo akiwa anafungua mlango wake, naye aliniitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alikuwa msafi. Alikuwa na mkono mtulivu. Hakujiita daktari hata siku moja.

"Mzee," nilimwambia, "wale ni watu."

"Najua ni watu, binti yangu. Ng'ombe hawapangi foleni."

"Sheria hairuhusu, mzee. Dawa hizo ni za mifugo."

"Sheria ilisema ukuta ujengwe, ukajengwa. Nami nilichangia mchanga. Sijauvuka kuja kwako kuuza panado. Hao ndio wanaouvuka kuja kwangu, kwa miguu yao, wakitokea kwako."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimuuliza anapimaje kiasi cha kumchoma mtu.

"Kwa macho. Mwanamume wa duarani ni ndama aliyeachishwa ziwa. Mwanamke mwembamba ni mbuzi wa maziwa." Alisema hivyo bila dharau yoyote. Nchi ile haimlinganishi mtu na ng'ombe ili kumtusi. "Na usinitazame hivyo. Mimi nikimwua ng'ombe wa mtu, naitwa mbele ya wazee. Umesikia nimeitwa?"

Nilimweleza Hajati alipokuja kuleta mzigo. Alisikiliza huku akifuta vumbi la karasha kwenye kabati kwa pindo la mtandio wake.

"Mimi ninalala usingizi kwa sababu kibali changu ni safi," alisema hatimaye. "Ya ng'ambo ya ukuta yana mwenyewe. Ukianza kuyachungulia, mwanangu, watasema na wewe umo."

"Watu wataumia, Hajati."

"Wataumia. Basi wapigie simu wahusika, utimize wajibu wako. Lakini usiingie mle ndani. Mtoa dawa wangu asionekane ameshika chupa ya ng'ombe."

Nilimpigia simu mkaguzi. Alinisikiliza kwa makini, akasema suala la chumba kile liko pia chini ya watu wa mifugo, kwamba itabidi waje pamoja, na kwamba watakuja. Sikuwa na shaka kwamba watakuja. Niliamini, na ninaamini bado, kwamba kazi ya namna ile lazima ifuate njia yake. Lakini njia ina urefu wake, na mvua zilikuwa zimeanza.

Mvua zilileta kikohozi kilimani. Rafiki yangu alikuja akiwa amejifunika khanga mbili, midomo imekauka, kifua kinakwaruza. Niligusa mkono wake, ulikuwa moto.

"Nenda zahanati leo," nilimwambia. "Hiki si cha kusubiri."

"Nikienda leo, lile rundo langu la mawe nitalikuta kwa nani? Zamu yangu ya karasha imekaribia. Nikisaga nitakwenda." Alikohoa, akajishikiza kwenye meza. "Nichome wewe, dokta. Si umesoma?"

"Mimi nimesoma. Chumba hiki hakijasoma."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata tena. Lakini nilikuwa nimemwambia ukweli mtupu. Mikononi mwangu nilikuwa na ujuzi wa kumchoma. Kibali kilikuwa cha chumba, na chumba hakikuruhusiwa. Nilimpa dawa ya kutuliza homa, nikamtaka aniahidi kwenda zahanati kesho yake asubuhi. Aliahidi kwa kidole juu, kama wanafunzi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nikimhesabia bibi mmoja vidonge vya minyoo niliposikia kikohozi ng'ambo ya ukuta. Nilikitambua mara moja. Halafu chupa ikatikiswa. Chwa, chwa, chwa. Nilimwacha yule bibi mkono umenyooshwa, nikatoka mbio, nikazunguka nguzo ya baraza, nikaingia kwa jirani kwa mara ya kwanza tangu ukuta uinuliwe.

Rafiki yangu alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi ya mifugo, anajisugua mkono.

"Nimemuuliza," alisema kabla sijafungua kinywa. Alisema kwa furaha, kama anayempa mwalimu jibu. "Nimemuuliza kama ina penisilini. Akasema hii ni ya ng'ombe."

"Ameuliza kweli," mzee alisema. "Nikamwambia atulie. Hiyo inayomsumbua ni ya watu, iko kwako. Hii imetengenezwa mbali na hiyo."

Nilichukua chupa mezani. Ilikuwa na picha ya fahali mwenye nundu, na chini ya kwato zake, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, majina ya dawa mbili zilizochanganywa. La kwanza lilikuwa penisilini.

Sikuwa na wakati wa kusema. Midomo yake ilikuwa imeanza kujaa. Alishika koo kama anayetafuta kifungo cha kulegeza, na sauti ikatoka ndani yake nyembamba, ya mluzi. Dawa ya kumwokoa niliijua kwa jina, kwa kipimo, kwa mahali pa kuichoma kwenye paja. Ni sindano. Kwa hiyo haikuwamo dukani mwangu, na kwa mujibu wa kibali haikupaswa kuwamo. Kati ya makabati yangu yaliyopangwa vizuri na makabati ya mzee yaliyopangwa vizuri, palikuwa na kilichomwangusha na hapakuwa na cha kumwinua.

Mzee ndiye aliyesimamisha pikipiki. Alimbeba yeye mwenyewe, akamweka katikati, nami nikapanda nyuma nikamkumbatia ili asianguke, kichwa chake kikiwa begani mwa dereva. Tulikwenda katika matope yale huku nikisikiliza ule mluzi mgongoni mwake. Ulipopungua niliogopa zaidi. Muuguzi wa zahanati alitazama uso wake mara moja tu, hakuuliza swali, akavunja kichupa na kumchoma juu ya nguo. Tulisimama. Pumzi moja ikaingia, ikafuatwa na nyingine.

Aliishi. Walimlaza, wakamtibu na kifua kwa dawa nyingine ambayo mwili wake uliikubali, na homa ikamtoka.

Ningeweza kuishia hapo nikamshukuru Mungu, kama habari isingelirudi kilimani kabla yangu. Nilipofungua duka kesho yake, foleni ya jirani ilikuwa imepinda hadi barabarani. Nilisikia maneno yao nikifagia baraza. Mwanamke yule alikuwa anakufa kwa kifua. Kachomwa ile nyeupe. Imemwangusha kwanza, ndivyo dawa kali inavyofanya, inapigana na ugonjwa ndani, kisha ikamwinua. Sasa anakula. Zahanati wamefanya nini? Zahanati wamempa kitanda tu.

Siku ile mzee hakutikisa chupa yoyote. Aliketi ndani na mlango umefungwa nusu, na waliomgonga aliwaambia dawa imekwisha. Walidhani anaificha ili aipandishe thamani.

Rafiki yangu alitoka zahanati akaja moja kwa moja kwetu. Alikuwa amekonda zaidi, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Mzee yupo?" aliniuliza. "Nimekuja kwa ya pili."

Sikumwelewa.

"Sindano ya pili. Si wewe unayetuimbia hapa kila siku, maliza dozi, maliza dozi? Nimechomwa moja. Wanaume wote wanamaliza tano."

Nikamketisha. Nikaleta pakiti ya vidonge vya rangi mbili nikaiweka juu ya meza, na kando yake chupa tupu ya fahali niliyoiokota chini ya mchirizi. Nilimwonyesha neno kwenye pakiti, nikamwonyesha neno kwenye chupa, nikafuata herufi kwa ncha ya kalamu, moja baada ya nyingine. Hakuwa amesoma sana, lakini macho yake yalikuwa yamezoea kutafuta chembe ndani ya jiwe. Aliona.

"Ni kitu kimoja," alisema.

"Ni kitu kimoja."

Kisha akageuka akautazama ukuta mweupe, kutoka sakafuni hadi darini.

"Kama ni kitu kimoja, dokta, ukuta ni wa nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilihusu viwango vya utengenezaji, na vipimo, na mafunzo ya anayetoa, na ukaguzi wa aina mbili. Lilikuwa jibu sahihi, na lilikuwa refu, na nilipokuwa nalitafutia mwanzo niliona jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia: watu hawakuwa wamekisoma kifungu, walikuwa wameusoma ukuta. Serikali imetumia matofali kutenga dawa hizi na zile. Basi zile ni nyingine kabisa. Kile tulichokijenga ili wasichanganye kiliwafundisha kwamba hakuna cha kuchanganya.

Nilimwacha na maji ya mtungi, nikaenda kwa mzee. Sikumzungumzia sheria.

"Mzee, nikuulize kama mfugaji. Ng'ombe ukimchoma nyeupe akaanguka, akapona, je, unamchoma tena?"

Alitazama mikono yake.

"Hachomwi tena," alisema. "Nilikuwa naye mmoja kule Nyanungu, aliletwa kwa mahari ya dada yangu. Nilimtia alama sikioni, ili hata nikifa, wanangu wajue huyu hagusi nyeupe." Akainua macho. "Kwa hiyo yeye ni wa namna hiyo."

"Ni wa namna hiyo, tata," nilisema, nikimwita baba kwa lugha ya kwao.

Alisimama. Kwenye sanduku la chini alitoa hereni ya ng'ombe, zile za plastiki ya njano zinazobanwa sikioni. Kwa kisu chake cha mfukoni alikata pengo la pembe tatu ukingoni mwake, sawasawa kama anavyokata sikio, akaitia uzi, akatoka nayo hadi kwangu, akaiweka mbele ya yule mwanamke.

"Mzee, huyu si mfugo," nilisema.

"Popote atakapokwenda kuna wachomaji wengine mbali na mimi, na wengi hawajui kusoma. Lakini wote wamechunga. Pengo hili watalijua."

Mwanamke aliishika, akaigeuzageuza. "Maana yake nini?"

"Maana yake usichomwe."

Akaivaa shingoni. "Haya," alisema. "Sasa mahari yangu itapanda."

Tulicheka wote watatu, na kicheko kile sikukipenda hata nilipokuwa ndani yake. Nilikuwa nimesoma miaka yangu yote ili mgonjwa awe na haki ya kuuliza na kujibiwa. Sasa kinga yake ilikuwa hereni ya ng'ombe, na sikuwa na kitu bora cha kumpa.

Wakaguzi walikuja, wa dawa na wa mifugo pamoja, kama walivyoahidi. Waligonga ukuta, wakausifu. Walizungumza na mzee kwa heshima na kwa ukali, naye hakubisha neno. Alikiri, akakubali kufunga. Alipakia mali yake kwenye gari la mnada akarudi Nyanungu kwa ng'ombe wake, na aliponiaga aliniombea heri. Sheria ilikuwa imefanya kazi yake. Chumba kile kilibaki kitupu.

Lakini kabla ya hapo mwamba wa kilima chetu ulikuwa umeanza kukatika, na fununu zilikuwa zimetoka za kilima kingine, mbele zaidi, kuelekea upande wa Serengeti. Rashi ilihama kama ilivyokuja. Walibomoa mahema asubuhi, na kufikia jioni kilima kilikuwa mashimo matupu yanayokusanya maji. Rafiki yangu alipita kuniaga na nyundo yake ndani ya kiroba, hereni ya njano ikimning'inia kifuani.

"Penisilini," nilimwambia.

"Penisilini," alijibu. "Ya watu na ya ng'ombe."

"Ya watu na ya ng'ombe."

Huko walikokwenda hakukuwa na jengo la kukaguliwa, wala ukuta, wala kibali cha kunyang'anywa. Nilisikia kwamba wachomaji wanatembea na mifuko begani, chupa ndani, kutoka duara hadi duara. Nilijifariji na lile pengo la pembe tatu.

Siku nyingi zilipita. Mchana mmoja alikuja dukani kijana aliyetoka kilima kile, mwenye vumbi hadi kwenye kope, akitaka dawa ya macho. Alipoinama juu ya meza, kitu cha njano kilitoka ndani ya shati lake kikagonga kioo cha kabati.

Nilimuuliza ni nini hicho.

"Hereni," alisema. "Ya kuzuia sindano isikuangushe. Kuna mama mmoja alikufa akafufuka, alikuwa nayo. Kule sasa huwezi kuchomwa bila kuvaa. Mchomaji anaiangalia kwanza, akiiona anakuchoma."

Nilimuuliza kuhusu mama huyo. Mwembamba, nilisema, mwenye maneno. Yuko wapi?

"Sijui, dokta. Watu ni wengi kule."

"Hereni yake unaweza kuijua," nilisema, na nikasikia sauti yangu ikipanda. "Ya kwake imekatwa. Ina pengo ukingoni, la pembe tatu."

Aliishika yake kwa vidole viwili, akaigeuza ili niione vizuri.

"Zote zina pengo, dokta," alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni. "Isiyo na pengo haifanyi kazi."